Bwana Akiba na Vidato Visivyokanyagwa

Bwana Akiba hajawahi kunywa kikombe kilichojaa. Ukimmiminia chai, ikifika katikati huweka kiganja juu ya kikombe kama mtu anayekinga mvua, na ukimuuliza kulikoni atakueleza kwamba mkono wa binadamu hutetemeka, na kikombe kilichojaa hakimsamehe anayetetemeka. Basi hunywa nusu, kisha huomba nusu nyingine. Sisi tunaofanya naye kazi tumezoea. Mama anayetuletea chai naye amezoea, ingawa husema chini kwa chini kwamba mtu huyu mmoja humchosha kama wawili.

Jina lake halisi lipo, limeandikwa kwenye kadi anayoivaa shingoni, lakini hakuna anayelitumia. Hili la Akiba alipewa zamani na mzee aliyekuwa akitengeneza amplifaya katika meza ya jirani, siku alipomwona amekuja kazini amevaa koti la mvua, ameshika mwavuli, na ndani ya mkoba ana mwavuli mwingine, mdogo, kwa ajili ya ule mkubwa ukiharibika. Yeye hakukasirika. Alisema akiba haiozi, akaning'iniza koti lake, na jina likabaki.

Nyumbani hali ni hiyohiyo. Watoto wake hununuliwa viatu vinavyozidi mguu, na kitinda mimba hutembea kama bata mpaka mwaka uishe. Saa ya ukutani sebuleni huenda mbele, na kila mtu anajua kwamba huenda mbele, hata paka. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na ana subira ya watu wa kazi hiyo, alijifunza hesabu ya mumewe katika mwaka wa kwanza wa ndoa. Mumewe akisema basi linaondoka saa mbili, mwalimu hujua ni saa tatu. Huendelea kupiga pasi nguo zake bila haraka, na hufika kwa wakati. Bwana Akiba huamini kwamba wanafika kwa wakati kwa sababu ya tahadhari yake. Mkewe hajawahi kumtoa kwenye imani hiyo, maana ndoa nayo inataka akiba ya maneno.

Kazi yake ni kuunda vigeuzi. Mawimbi ya redio yanapoingia kwenye antena huja yakipanda na kushuka kama mteremko laini wa kilima. Kompyuta haielewi mteremko, inaelewa namba. Kigeuzi ndicho mkalimani wao. Kina kama ngazi ndani yake: huangalia wimbi limefika kidato cha ngapi, hutaja namba ya kidato hicho, kisha huangalia tena, mamilioni ya mara katika sekunde moja. Wimbi lililo dogo mno mbele ya vidato huzama kwenye mvumo, lisionekane tena. Wimbi linaloipita ngazi kwa urefu hukatwa kichwa.

Katika redio ya kawaida jambo hili si gumu, kwa sababu redio ya kawaida huchagua kituo kimoja na kuvifungia nje vingine vyote. Vipokezi vyetu ni vya masafa mapana, havichagui. Hufungua mlango wote na kukaribisha kila kinachopita hewani kwa mpigo mmoja: kituo cha matangazo kinachonguruma kutoka kilimani, madereva wa teksi wanaotaniana, na huko pembeni sauti nyembamba ya mtu aliyepotea bondeni na redio ya mkononi inayokaribia kuisha betri. Kompyuta itawatenganisha baadaye. Lakini kigeuzi hakiwezi kumwambia anayenguruma anyamaze kidogo ili kimsikie anayenong'ona. Lazima kiwabebe wote wawili kwenye ngazi ileile.

Kwa hiyo ni desturi ya kazi hii kuacha vidato vichache vitupu huko juu, ili anayenguruma akipandwa na mori asigonge dari. Vichache. Bwana Akiba ni msomi mkubwa, lakini neno hilo halijapata kumwingia.

Tusimlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kigeuzi chake cha kwanza kabisa, alipokuwa bado na nywele nyingi, kilionyeshwa mbele ya wageni jioni ambayo kituo cha kilimani kiliamua kuongeza nguvu. Mawimbi yakakatwa vichwa. Na wimbi likikatwa kichwa halifi kwa utulivu, hutoa vivuli vyake kila mahali. Kila walikogeuza, walimkuta mtangazaji yuleyule akisoma taarifa ileile. Mgeni mmoja akauliza kwa upole ni lini mtangazaji huyo alipata ndugu wengi hivyo wanaofanana sauti. Wageni wakacheka. Bwana Akiba hakuisahau ile sauti ya kicheko. Kila kigeuzi alichounda baada ya hapo akakiwekea juu yake taa ndogo nyekundu, iwake kila wimbi linapogusa kidato cha mwisho, na akajiapiza kwamba hataiona ikiwaka maisha yake yote.

Njia aliyoipata ilikuwa rahisi. Anayetengeneza amplifaya, ile saketi inayokuza mawimbi kabla hayajafika kwenye kigeuzi, lazima amuulize mwenye kigeuzi: chako kinabeba kiasi gani? Kinachobeba volti mbili, Bwana Akiba alisema kinabeba moja. Alisema hivyo bila kupepesa jicho, na hakuona kwamba amesema uongo. Aliona kwamba amevaa koti la mvua.

Yule mzee wa amplifaya, aliyempa jina, alimfahamu kama mkewe alivyomfahamu. Akiambiwa moja, alicheka kimoyomoyo, akarudi mezani pake na kujenga kana kwamba ameambiwa mbili, kasoro kidogo. Hakumwambia mtu. Vipokezi vikatoka vizuri mwaka baada ya mwaka, vikasikia wanaonong'ona na wanaonguruma, na Bwana Akiba akazidi kuisifu tahadhari yake. Kisha mzee akastaafu. Tulimfanyia hafla ndogo, akakabidhi funguo, vifaa, michoro na hata kijiko chake, akaenda zake kufuga nyuki. Kila kitu alikabidhi isipokuwa hilo moja, kwa sababu hakujua kwamba ni elimu. Alidhani ni tabia tu ya rafiki yake.

Mahali pake akaja Mama Pacha.

Mama Pacha ni fundi hodari, mwenye mikono mitulivu kuliko yetu sote, na ana msimamo wake kuhusu namba anazopewa na watu. Anapenda kusimulia kwamba alipokuwa mjamzito daktari alimhakikishia, kwa kalamu mkononi, kuwa mtoto ni mmoja. "Tangu siku ile," husema, "mtu akinitajia namba, namwachia nafasi." Isitoshe, amplifaya hupata joto mchana na huanza kujitanua kuliko ilivyopimwa asubuhi. Basi Bwana Akiba alipomwambia kwamba kigeuzi kipya kinabeba volti moja, Mama Pacha aliitikia kwa adabu, akaenda akajenga ya nusu.

Hivyo ndivyo kipokezi kipya, kilichoagizwa na kikosi cha uokoaji, kilivyozaliwa. Ngazi ya volti mbili, na wimbi kubwa kuliko yote likaishia kwenye nusu volti. Robo tatu za vidato vilikaa juu vitupu, safi, havijakanyagwa na kiumbe chochote.

Sisi hatukujua. Tulichojua ni kwamba kipokezi hakisikii. Kituo cha kilimani kilitoka wazi kabisa. Lakini tulipompeleka mtu bondeni na redio ya mkononi, tulipata mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati. Kigeuzi kikipimwa peke yake mezani, hakina ila. Amplifaya ikipimwa peke yake, haina ila. Vikiunganishwa, viziwi.

Zikaanza siku za watu wawili kulaumiana kwa heshima. Mama Pacha alitoa maoni kwamba labda ngazi ya kaka ina vidato vilivyooza. Bwana Akiba akajibu kwamba ngazi ni nzima, ila maji ya dada hayapandi. Wote wawili walikuwa wanaitazama skrini moja. Hapo ndipo penye ajabu ya habari hii, maana Bwana Akiba alikuwa akiona kwa macho yake namba zikichezacheza huko chini, mbali na dari, na kila alipoziona moyo wake ulitulia. Mtu mwingine angesema mgonjwa huyu hali chakula. Yeye alisema mgonjwa huyu ana adabu, hajazi sahani.

Mkuu wetu ni mtu wa sauti ndogo, na sauti yake ikizidi kuwa ndogo ndipo tunapoogopa. Alimwita Bwana Akiba ofisini mwake na kumwambia karibu kwa mnong'ono kwamba Ijumaa mchana kikosi cha uokoaji kitakuja. Mtu wao atashuka bondeni na redio. Akisikika, vizuri. Asiposikika, kipokezi kitawekewa kigeuzi cha kununua kutoka nje, na kuanzia hapo vigeuzi vyote vitanunuliwa. Hakutakuwa tena na meza ya kuviunda. Bwana Akiba atapewa nafasi nzuri huko chini, kwenye stoo, agawe nyaya.

Alirudi mezani akakaa. Meza yenyewe ina mkeka wa mpira uliobabuka kwa moto wa kulehemu, taa yenye shingo ndefu, na droo ambamo ameweka kila kigeuzi alichowahi kuunda, kila kimoja kwenye kiboksi chake cha plastiki, na katika kila kiboksi pamba nyingi kuliko inavyohitajika. Alifungua droo, akaangalia, akafunga. Alipoletewa chai hakuinua kiganja. Mama wa chai aliendelea kumimina huku akisubiri kuzuiwa, mpaka ikamwagika kwenye sahani, na hapo ndipo tulipojua kwamba mambo ni mazito.

Juma hilohilo nyumbani kwake kulikuwa na mgeni, mama mkwe. Alikuja kuwatazama wajukuu, na safari yake ya kurudi ilikuwa Ijumaa asubuhi. Mwalimu, mkewe Bwana Akiba, alikuwa amepelekwa mji mwingine kusimamia mitihani. Kazi ya kumsindikiza mama mkwe ikamwangukia mkwe, katika siku ambayo angetamani kuwa na vichwa viwili, na hakusema nyumbani kwamba siku hiyo ina jambo. Alimwambia tu mama kwamba basi linaondoka saa mbili, kwa hiyo saa moja wawe kituoni.

Basi lilikuwa la saa tatu. Na mwalimu wa kuirekebisha saa hiyo hakuwapo.

Mama mkwe ni mwanamke mrefu, mwenye mgongo ulionyooka, na humheshimu sana mkwe wake, kwa namna ambayo mkwe akiheshimiwa hutoka jasho. Saa kumi na mbili alfajiri alikuwa amesimama mlangoni, kilemba kichwani, sanduku miguuni, akigonga mlango wa chumba cha mkwe kwa kidole kimoja. Bwana Akiba, aliyelala na wasiwasi, aliruka akidhani amechelewa. Alimwacha mtoto mkubwa awaandae wadogo kwenda shule, wakatoka. Barabara ilikuwa tupu, taa za barabarani bado zinawaka. Walifika kituo cha mabasi wakakuta lango limefungwa kwa mnyororo, mlinzi amejifunika gazeti, na mbwa mmoja aliyewaangalia kama watu waliokosea siku.

Wakakaa kwenye benchi ya saruji. Mama mkwe alijifunga khanga mabegani, akatazama lango kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "basi hili linatoka leo?"

Bwana Akiba akasema linatoka leo.

"Saa mbili."

Mtu anaweza kumficha mke, anaweza kumficha mkuu wa kazi. Kumficha mama mkwe mbele ya lango lenye mnyororo ni kazi nyingine. Akainamisha kichwa na kusema kwamba kwa hakika ni saa tatu, ila alitia akiba kidogo.

Mama mkwe hakukasirika. Alifikiri, kisha akasema kwamba basi wamelingana, maana naye alipoambiwa saa moja wawe kituoni, alijua vijana wa siku hizi huchelewa kuamka, akajiwekea saa yake moja bila kumwambia.

"Wewe umenificha saa, na mimi nimekuficha saa," akasema. "Sasa tumekutana hapa, wezi wawili, na duka limefungwa."

Alitarajia mkwe acheke, au aombe radhi. Bwana Akiba hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa analitazama lango. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Alisema "nusu," peke yake, kisha akasema "nusu ya nusu," na mama mkwe akasogeza sanduku lake karibu zaidi na miguu.

Kisha akaomba ruhusa apige simu. Aliomba kwa adabu zote, kwa sababu kumpa kisogo mama mkwe kwa ajili ya simu si jambo dogo, na mama akamwambia apige, mwanangu, hapa hakuna wa kumkatiza ila mbwa.

Mama Pacha alikuwa anawavisha watoto wake sare. Mmoja alikuwa analia kwa sababu mwingine amevaa soksi zake.

"Dada, nilikuambia kigeuzi kinabeba volti ngapi?"

"Moja. Hata salamu hakuna leo?"

"Na wewe ulijenga ya ngapi?"

Kile kilio cha soksi kikasogezwa mbali na simu. Kisha Mama Pacha akauliza, taratibu sana, kwa nini anataka kujua. Ndipo Bwana Akiba alipotambua kwamba hatapewa namba mpaka atoe yake kwanza. Sisi tuliosimuliwa habari hii na pande zote mbili tunakubaliana kwamba hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kulala njaa angeweza. Kuvua koti la mvua aliloshona mwenyewe, mbele ya mtu, kwa simu, huku mama mkwe anasikiliza, hakuwahi kujaribu.

"Kigeuzi changu kinabeba mbili," akasema. "Mbili kamili. Siku zote nilikuwa nasema nusu yake."

Mama Pacha akaiacha sare aliyokuwa ameishika.

"Nilijenga ya nusu volti," akasema mwishowe. "Ulisema moja, nikasema huyu kaka namwonea huruma kigeuzi chake, nikakata. Wewe ulikuwa umeshakata?"

"Nilikuwa nimeshakata."

"Kaka, tumemnyonga mtoto kwa shuka mbili."

Akasema anawapeleka watoto shule kisha anakwenda moja kwa moja maabara, na kwamba yeye aje upesi. Bwana Akiba akatazama lango. Hapo tahadhari yake ilimlipa kwa sarafu yake mwenyewe: saa tatu ilikuwa bado mbali, na hakuna mkwe mwenye akili timamu anayemwacha mama peke yake kwenye benchi ya saruji. Akakaa. Alikaa huku goti likimcheza mpaka lango likafunguliwa, mpaka basi likaja, mpaka abiria wakapanda, mpaka dereva akamaliza mazungumzo yake yote na kondakta. Mama mkwe alipata kiti cha dirishani. Akateremsha kioo na kumwita.

"Hizo nusu zenu sikuzielewa," akasema, "ila nimeona zimekufurahisha, na mimi nimefurahi. Siku nyingine, mwanangu, tufurahi jua likishatoka."

Bwana Akiba alipofika maabara alimkuta Mama Pacha ameshafungua kipokezi. Kukuza mawimbi zaidi kulihitaji kubadilisha rezista moja tu, kipande kidogo kama punje ya mchele. Ile ya zamani alikuwa ameshaitoa. Ugomvi ulikuwa juu ya mpya. Bwana Akiba aliomba waende mpaka volti moja na robo, waone. Mama Pacha akamuuliza kama ile asubuhi alikuwa anasema kweli au alikuwa anaota. Bwana Akiba akapanda hadi moja na nusu. Mwisho wakakubaliana moja na robo tatu. Robo iliyobaki ni akiba, akasema Mama Pacha, na safari hii tunaijua wote wawili. Bwana Akiba alichukua kifaa cha kulehemu, mkono ukawa unatetemeka sawasawa na alivyokuwa akituambia miaka yote kwamba mkono wa binadamu hutetemeka. Dada akamnyang'anya, akailehemu yeye.

Mchana ulikuwa umeshafika, hapakuwa na muda wa kujaribu. Wageni walikuwa wameshapanda ngazi. Aliyewaongoza ni mwanamke mnene mwenye kofia ya kikosi na macho yasiyocheka, na alieleza kwamba kijana wake yuko bondeni tangu asubuhi, redio yake imewekwa kwenye nguvu ya chini kabisa, na ameagizwa aseme chochote bila kukoma, ingawa yeye hawezi kusikia lolote kutoka kwetu. Mkuu wetu alisema karibuni kwa sauti ambayo haikumfikia mtu.

Kipokezi kikawashwa. Kwenye skrini namba zikaruka. Sisi tuliozoea kuziona zikitambaa huko chini tulishtuka, kwa sababu zilipanda na kupanda, zikijaza ngazi kama watu wanaokimbilia ghorofani. Bwana Akiba hakutazama skrini. Alikuwa anaitazama ile taa nyekundu ndogo.

Kompyuta ikatenganisha. Kituo cha kilimani kilikuwa kinapiga muziki, tukakiweka pembeni. Madereva wa teksi, pembeni. Tukasogea taratibu kuelekea kule ambako kwa wiki nzima tulikuwa tunakuta mvua ya bati. Mvumo ukaja, ukapungua, na katikati yake ikatoka sauti ya mtu, nyembamba lakini yenye kila herufi.

"...maana mimi nasema tu, hakuna anayenisikia. Viatu vimeloa. Mkubwa alisema nitakaa kidogo, na kidogo yake tunaijua. Yeye yuko huko kwenye kiti, anapewa chai..."

Yule mwanamke mwenye kofia alikuwa kwenye kiti, na mkononi alikuwa na kikombe. Akakiweka chini polepole. Hakuna aliyethubutu kumtazama. Kijana aliendelea kueleza habari za siafu, na habari za mshahara, na alipofika kwenye habari za tumbo la mkubwa wake, Mama Pacha aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba.

Papo hapo, kule kilimani, muziki ulifika kwenye ngoma kubwa, na taa nyekundu ikawaka. Mara moja tu, kama mtu aliyekonyeza. Bwana Akiba alishika ukingo wa meza. Alisubiri vivuli, alisubiri ndugu wanaofanana sauti, alisubiri kile kicheko cha zamani. Dari iliguswa na haikuanguka. Kijana wa bondeni aliendelea kulalamika kwa sauti ileile, safi.

"Nimemsikia vya kutosha," akasema mkubwa wake, akavua kofia. "Na yeye atanisikia. Hivi vipokezi tunavitaka."

Habari ya stoo haikutajwa tena. Mkuu alipita mezani kwa Bwana Akiba jioni ile, akasema kwa sauti ambayo tuliisikia sote kwamba kigeuzi kizuri. Kwa mkuu wetu, hiyo ni hotuba.

Kesho yake Bwana Akiba alimpigia simu yule mzee wa nyuki na kumsimulia. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alisema alidhani jambo hilo linajulikana. Bwana Akiba akamuuliza linajulikana na nani, akajibiwa na kila mtu, kasoro wewe. Tangu siku hiyo, kwenye meza yetu, mtu akitoa namba anaulizwa mbele ya watu: hiyo umeshaikata au bado haijakatwa? Na aliyekata hutaja alichokata. Bwana Akiba hutaja kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba, lakini hutaja.

Kikombe bado hunywa nusu. Tumemwachia hilo.

Aliamua pia kubadilika nyumbani. Shule zilipofungwa, familia nzima ilitaka kwenda kumwona mama mkwe, na Bwana Akiba, akiwa na moyo mweupe wa mtu aliyeongoka, alimwambia mkewe kwamba basi linaondoka saa nne. Lilikuwa la saa nne kweli. Mwalimu akasema sawa, akaendelea kupiga pasi. Mume alipoanza kuhangaika akamtuliza. Alipokuja kusimama mlangoni na masanduku yote mikononi, akamwambia kwamba muda upo, baba, unajua mwenyewe ulivyo. Walifika kituoni wakakuta lango wazi, watu wengi, na mahali pa basi lao pana doa la mafuta.

"Ulisema saa nne," mwalimu akasema.

"Ni saa nne."

"Saa nne yako ni saa tano. Tumeishi hivyo tangu tuoane. Kama umeanza kusema kweli, si ungetoa tangazo?"

Walikaa kwenye ile benchi ya saruji kusubiri basi linalofuata. Kitinda mimba akavua viatu vyake vikubwa, akavipanga kando. Bwana Akiba akampigia simu mama mkwe, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba watachelewa.

"Kwa muda gani?" mama akauliza. Kisha akakumbuka anaongea na nani. "Nataka wa kweli."

"Saa mbili, mama. Kamili, hazijaongezwa wala kupunguzwa."

Mama mkwe akamshukuru kwa kusema kweli, akamsifu, akasema ndivyo mwanamume anavyopaswa kuwa. Walipofika, kwa kuchelewa saa mbili kamili, walimkuta ndiyo kwanza anawasha jiko. Alikuwa amehesabu tatu.